Rangi Nyekundu Juu ya Breki

Siku hizi mtu akisimama kando ya njia mjini Bukavu, magari yanapopanda na kushuka, huona jambo ambalo katika ujana wetu halikuwepo. Ndani ya gurudumu, nyuma ya mikono ya janti, kuna kipande cha chuma kilichopakwa rangi nyekundu, pengine ya njano au ya buluu. Gari lenyewe laweza kuwa la zamani, lililoletwa kutoka Japani baada ya kutumika huko miaka mingi, lenye usukani upande wa kulia ilhali sisi huku twaendesha upande wa kulia wa njia. Hata hivyo kile chekundu ndani ya gurudumu hulipa sura ya gari la mashindano, na vijana huligeukia linapopita.

Kipande hicho mafundi wetu hukiita kwa jina la Kifaransa, etriye. Kwa asili neno hilo ni kikuku ambamo mpanda farasi huweka mguu wake. Katika gari, etriye ni kama kiganja cha chuma kinachoikumbatia sahani ya breki, yaani diski. Dereva akikanyaga pedali, mafuta ya breki husukumwa katika mabomba, pistoni iliyomo ndani ya etriye hutoka kidogo, na vibao viwili viitwavyo plaketi huibana diski kutoka pande zake mbili. Msuguano huo ndio unaolipunguzia gari mwendo. Magari mengi madogo yana diski mbele tu. Nyuma yana breki za ngoma, ambazo hazina etriye.

Leo twapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya kazi ya kuipaka rangi etriye nyumbani. Ni kazi ndogo, na kijana yeyote mwenye subira aweza kuimaliza kwa siku mbili. Lakini tulipoishiriki katika ua wetu, ilituletea swali ambalo halikuwa dogo: rangi hii inamwambia nini anayeitazama, na je, inamwambia kweli?

Rangi ilipokuwa lugha

Breki ya diski si jambo jipya. Mwingereza Frederick Lanchester aliipatia hataza mwaka 1902, lakini ilipita takribani nusu karne kabla watu wengi hawajaiona faida yake. Mwaka 1953, katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans huko Ufaransa, gari la Jaguar C-Type lenye breki za diski za Dunlop liliibuka la kwanza. Breki ya ngoma hufungia joto ndani yake, na ikitumiwa mfululizo hudhoofika. Diski iko wazi, upepo huipitia, nayo hupoa upesi. Kwa sababu hiyo dereva wa Jaguar aliweza kuikaribia kona kwa mwendo mkubwa zaidi kabla ya kukanyaga pedali. Miaka miwili baadaye, mwaka 1955, Wafaransa walitoa Citroën DS yenye diski mbele, nayo haikuwa gari la mashindano bali gari la kununuliwa na kutumiwa na familia.

Rangi ilikuja kuwa alama baadaye. Kampuni ya Brembo, iliyoanzishwa mwaka 1961 karibu na mji wa Bergamo, Italia, ilianza kuyapatia breki magari ya Ferrari ya Formula 1 mwaka 1975, na etriye zake nyekundu zikajulikana mahali pengi. Porsche nayo imekuwa ikipaka rangi ya njano etriye za breki zake zenye diski za seramiki, ili anayeitazama ajue mara moja kwamba ndani ya gurudumu lile kuna kitu tofauti na cha kawaida. Basi rangi ilikuwa lugha. Ilisema: breki hii imetengenezwa istahimili joto ambalo breki nyingine haistahimili.

Kijana anayepaka nyekundu etriye za gari dogo la teksi anaiazima lugha hiyo. Hatusemi kwamba ni kosa. Kijana anayevaa jezi yenye jina la mchezaji mashuhuri hadai kwamba yeye ndiye mchezaji, na hakuna anayedanganyika. Tofauti ni hii tu, kwamba jezi haibebi abiria.

Mpwa wetu na mnunuzi wake

Mtoto wa dada yetu alikuwa na gari dogo alilolifanyia kazi ya teksi kwa miaka miwili. Alitaka kuliuza ili akamilishe mahari, kwa kuwa wazee wa upande wa pili walikuwa wamekwisha kungoja vya kutosha. Mnunuzi alikuwa amepatikana: baba mmoja anayefanya biashara ya samaki kati ya Uvira na Bukavu, mtu wa kwenda na kurudi kila juma. Alikuwa ameliona gari mara moja, akasema atarudi siku ya nane.

Katika siku hizo nane mpwa wetu aliliosha gari ndani na nje, akabadilisha mazulia ya miguuni, akanunua kopo la rangi nyekundu. Alitujia akasema: "Mjomba, naomba ua wenu kwa siku mbili. Nataka kupaka etriye. Mtu akiona breki zinang'aa, anajua gari limetunzwa."

Kazi yetu ni ualimu, si ufundi wa magari. Tulimkubalia, tukamwalika na jirani yetu ambaye ni fundi aje awe karibu, kwa sababu tunaamini kwamba breki si mahali pa kujifunzia peke yako. Yafuatayo tuliyaona kwa macho yetu, nayo twayaandika kwa utaratibu ili anayetaka kuifanya kazi hii ajue inavyokwenda.

Kazi yenyewe

Gari liliwekwa mahali pa tambarare, jambo ambalo Bukavu si rahisi kulipata. Breki ya mkono ikavutwa, gia ikaingizwa, mawe yakawekwa mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Nati za gurudumu zililegezwa kwanza gari likiwa bado chini, ndipo likainuliwa kwa kriki. Fundi hakuruhusu mtu asogee mpaka alipoliegemeza gari juu ya kihimili cha chuma chenye miguu mitatu. Alisema: "Kriki ni ya kuinulia, si ya kutegemea." Asiye na kihimili asipake rangi, angoje mpaka apate.

Gurudumu lilipotoka, etriye ilionekana kama ilivyo: kahawia kwa kutu, nyeusi kwa vumbi la plaketi, yenye tope lililokauka kama saruji. Vumbi hilo halipulizwi kwa mdomo wala kwa hewa ya kompresa. Plaketi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo huharibu mapafu, na si rahisi kujua plaketi ya gari lililotumika ilitoka wapi. Hulowanishwa, hufutwa kwa kitambaa, na kitambaa hutupwa. Baada ya hapo ndipo brashi ya waya na karatasi ya msasa hufanya kazi yake mpaka chuma kionekane, na kisha dawa ya kusafishia breki huondoa mafuta yaliyobaki. Rangi haishiki juu ya mafuta wala juu ya kutu inayobanduka.

Baadaye huja kazi ya kufunika, nayo yahitaji subira kuliko kupaka. Diski, plaketi, pistoni na kipira chake, bomba la mpira linaloleta mafuta, skrubu ndogo ya kutolea hewa, na pini ambazo etriye hutelezea juu yake: vyote hivyo hufunikwa kwa karatasi na utepe wa kunata. Rangi ikigusa diski au plaketi, breki hupoteza sehemu ya nguvu yake. Ikiziba mahali panapotakiwa kuteleza, etriye hukwama. Kwa maneno mengine, sehemu zote zinazofanya kazi haziruhusiwi kupakwa, na sehemu inayopakwa ni ile tu ambayo haifanyi chochote ila kushika nyingine.

Rangi yenyewe haiwezi kuwa ile ya milango na madirisha. Breki hupata joto kali. Rangi ya kawaida hubadilika kuwa kahawia, hupasuka na kubanduka. Hutafutwa rangi iliyoandikwa kwamba inastahimili joto kubwa, nayo hupakwa tabaka mbili au tatu nyembamba, kila moja ikipewa muda wa kukauka, kisha gari huachwa lisitembee mpaka siku ya pili. Tena, mafuta ya breki ya aina ya DOT 3 na DOT 4 hula rangi. Tone likianguka juu ya rangi mpya au juu ya bodi, huoshwa kwa maji papo hapo.

Tumeyaandika haya yote, lakini siku ile kazi iliishia kwenye kusafisha. Kopo la rangi halikufunguliwa.

Kilichokuwa ndani

Fundi alipokuwa akikagua gurudumu la kushoto, alichungulia plaketi. Ile ya nje, inayoonekana na mtu yeyote anayetazama kupitia janti, ilikuwa bado nene; tulipoweka rula, tulipata karibu milimita 8. Fundi akafungua bolti moja, akaiinua etriye, akaiweka juu ya kiti kidogo ili isining'inie kwa bomba lake la mpira. Akatuonyesha plaketi ya ndani. Haikufika milimita 2. Mafundi wengi hubadilisha plaketi zikifika milimita 3.

Alitueleza sababu. Katika magari mengi ya aina hii pistoni iko upande wa ndani tu. Husukuma plaketi ya ndani kwanza. Kisha etriye nzima huteleza juu ya pini zake mbili na kuivuta plaketi ya nje ikutane na diski. Pini moja ilikuwa imeshikwa na kutu. Etriye haikuteleza tena, na plaketi ya ndani ikawa inafanya kazi ya mbili. Ya nje ilibaki nene kwa sababu haikuwa ikifanya kazi.

Vijana, hapo tulinyamaza kidogo. Darasani tumefundisha miaka mingi methali isemayo: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Siku ile tuliiona ikiwa imetengenezwa kwa chuma. Mnunuzi mwerevu angeinama, angechungulia kupitia janti, angeona plaketi nene na juu yake etriye nyekundu inayong'aa, na angeridhika. Asingedanganywa na mtu yeyote. Angedanganywa na unene wa kitu kisichofanya kazi.

Mpwa wetu alikuwa wa kwanza kusema. "Mjomba, mnunuzi hatafungua gurudumu."

Fundi alijibu bila kuinua kichwa: "Mimi nikikuta rangi mpya kwenye breki za gari linalouzwa, naanza kufungua hapo."

Kijana akaendelea, na maneno yake hatuwezi kuyapuuza. "Aliyeniuzia gari hili hakuniambia kitu. Nililigundua kila jambo kwa fedha zangu, moja baada ya jingine. Kwa nini mimi ndiye niwe wa kwanza kulipa? Nikinunua plaketi sasa, nikimweleza huyu baba, atashusha bei mara mbili: mara moja kwa sababu amejua, na mara ya pili kwa sababu atahofia ambayo hajayajua. Na mahari je?"

Swali hili si la ujinga. Katika nchi ambamo karibu kila kitu kimekwisha kutumika na mtu mwingine kabla hakijatufikia, gari, friji, simu, nguo, kila mmoja wetu amewahi kununua kasoro ya mwenzake. Mwenye kusema kweli huonekana kama mtu aliyechaguliwa na bahati mbaya kubeba hasara ya wote waliomtangulia. Hatukuwa na jibu ambalo lingemrudishia fedha zake, na hatukujaribu kumpa.

Hesabu ya mteremko

Tulichukua daftari na kalamu. Tulimwambia: tuache kwanza habari ya haki na deni, tufanye hesabu ya njia ambayo gari hili litapita.

Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha mita 1,460 hivi juu ya bahari. Ziwa Tanganyika, ambalo Uvira iko ukingoni mwake, liko kwenye mita 770 hivi. Anayetoka Bukavu kwenda Uvira kwa njia inayopita kwenye miteremko ya Ngomo, hata akipanda hapa na kushuka pale, mwisho wa safari atakuwa ameshuka karibu mita 690. Tukadirie gari pamoja na watu na mizigo kuwa kilo 1,500. Kizidishe kilo hizo kwa mita hizo na kwa 9.8, unapata joule milioni 10 na ushee. Nguvu hiyo haipotei. Lazima igeuke kuwa kitu, na kama injini na upepo havikuibeba, hugeuka kuwa joto ndani ya breki.

Joule milioni 10 ni nini? Zinatosha kuchemsha takribani lita 30 za maji, yaani mitungi mitatu ya lita 10. Mpwa wetu alichota maji tangu utoto. Uzito wa mitungi mitatu alikuwa anaujua.

Dereva mwenye busara hashuki kwa breki peke yake. Huingiza gia ndogo, injini ikamzuia, naye hukanyaga pedali kwa vipindi ili diski zipate kupumua. Lakini hata yeye hutumia breki kwenye kona, na kwa gari lile upande mmoja ungekuwa unafanya kazi kwa kibao kimoja kilichobakiwa na unene wa karatasi nene. Kibao kikiisha, chuma hukutana na chuma, nguvu ya kusimamisha hupungua, na gari laweza kuvuta upande mmoja.

Fundi akaongeza habari ya mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa mwaka hata mwaka. Kwa kanuni, DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakiwa yamenyonya maji, kiwango hicho cha chini hushuka hadi 155. Yakichemka, ndani ya mabomba hutokea mvuke, na mvuke hubonyea. Dereva hukanyaga, pedali huzama hadi chini, na gari haliitikii. Mafuta yaliyokuwa katika gari la mpwa wetu yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyokolea, naye hakukumbuka yalibadilishwa lini.

Hakutujibu. Alilitazama daftari muda mrefu, kisha akauliza bei ya plaketi.

Bei ya kusema

Twapenda kuwaambia mambo kama yalivyokuwa. Plaketi, mafuta mapya ya breki na grisi maalumu ya pini, ile isiyoharibu vipira, vilimgharimu mara nne ya kopo la rangi. Plaketi hubadilishwa kwa magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja, hata kama upande mmoja ungali mzima, ili gari lisivute. Fundi alizitoa pini, akaondoa kutu, akazipaka grisi, mpaka etriye ikateleza kwa kusukumwa na vidole viwili. Aliirudisha pistoni ndani polepole, akafunga plaketi mpya, akabadilisha mafuta na kutoa hewa. Kabla gari halijasogea hata hatua moja, alimwamuru mpwa wetu akanyage pedali mara nyingi mpaka iwe ngumu, kwa kuwa baada ya pistoni kurudishwa, pedali ya kwanza huwa tupu. Walilijaribu kwanza mahali pa tambarare, kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Siku ya nane mnunuzi alikuja. Mpwa wetu alimwonyesha plaketi za zamani zikiwa zimefungwa katika gazeti, ya nje na ya ndani, akamweleza habari ya pini. Ilitokea kama alivyotabiri. Yule baba alizigeuzageuza plaketi mkononi, akaanza kuuliza habari za injini, za gia, za kila kitu, akaondoka bila kutoa neno. Alirudi baada ya siku tatu na bei ya chini kuliko ile ya kwanza. Mpwa wetu aliikubali. Mahari ilichelewa miezi kadhaa, na katika miezi hiyo hakutujia mara nyingi kama zamani. Mpaka leo hajatuambia kwamba tulikuwa na haki, nasi hatujamwuliza.

Twaliandika hili kwa kusudi. Mara nyingi masimulizi ya kuwafundisha vijana humalizika kwa mwema kupata zawadi: mnunuzi hushangazwa na ukweli wa kijana, humlipa zaidi, humpa na kazi. Huenda hutokea. Hapa halikutokea, na kama tungewaahidi ninyi malipo hayo, tungekuwa tumepaka rangi juu ya kitu ambacho hatukukikagua. Kusema kweli kulimgharimu kijana fedha halisi, fedha aliyoihitaji, nasi hatuoni njia ya kuipunguza hesabu hiyo. Kilichopo upande wa pili wa mizani ni mtu anayeshuka Ngomo kila juma pamoja na abiria wake, nao hawajui kwamba siku moja, katika ua fulani mjini, watu watatu walikuwa na daftari.

Na rangi je?

Mtatuuliza kama kopo la rangi lilitupwa. Halikutupwa. Jioni ile kazi ilipokwisha, etriye zikiwa safi na pini zikiteleza, fundi mwenyewe alisema: "Sasa mpake." Tukafunika sehemu zote kwa utepe, tukapaka tabaka tatu, gari likalala kwetu hadi kesho yake jioni. Zilipendeza, na mnunuzi aliziona.

Fundi alitufundisha jambo ambalo hatukulijua. Juu ya etriye ya kahawia, yenye tope na kutu, tone la mafuta ya breki linalovuja halionekani. Hujificha ndani ya uchafu. Juu ya etriye iliyosafishwa na kupakwa, mvujo huonekana mara moja: mafuta huanza kuila rangi, huacha njia iliyolowa, vumbi hushika hapo. Kwa hiyo rangi ileile ambayo ingetumika kuficha yaweza kuwa msaidizi wa kufichua. Tofauti haimo katika kopo. Imo katika kilichofanyika kabla kopo halijafunguliwa.

Ndiyo maana hatuwakatazi vijana kupenda urembo wa magari yao, wala wa nguo zao, wala wa maneno yao. Wazee wengi wakiona kijana anapaka rangi husema mara moja kwamba ni majivuno. Sisi twaona kwamba urembo ni jambo jema lenye zamu yake, na zamu yake ni ya mwisho. Anayeanza na urembo hujinyima sababu ya kufungua gurudumu. Anayeufikia mwishoni amekwisha kujua kilichomo ndani, na rangi yake haina la kuogopa mtu akiinama kuchungulia.

Katika kikundi chenu, mwaweza kuzungumza juu ya maswali haya:

Kwanza: Mpwa wetu aliuliza kwa nini yeye ndiye awe wa kwanza kulipa. Mngemjibu nini, bila kumwahidi faida yoyote?

Pili: Ni vitu gani tunavyouziana au kuonyeshana katika mtaa wetu ambavyo upande unaoonekana ni mzima kwa sababu haufanyi kazi?

Tatu: Kama mmoja wenu ana gari au pikipiki, ni lini mara ya mwisho plaketi ya ndani ilitazamwa? Anayejibu kwamba hajui, alete chombo chake Jumamosi, na kikundi kimtafute fundi.